Mabwawa ya majitaka yapo, mbona Msimbazi bado mweusi?

Mdau wa Kigogo (mleta uzi)

Wakuu salaam. Naomba hili tulijadili kitaalamu, siasa tuziache nje ya uzi.

Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Gongo la Mboto, Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini pale Salenda. Mabwawa ya majitaka ya Vingunguti yapo kandokando yake na maji yake yakitoka huingia mtoni. Kurasini yapo mengine, Mikocheni yapo, Lugalo yapo. Sasa kama majitaka yanasafishwa, huu weusi na ile harufu ya kiangazi vinatoka wapi? Mabwawa ni teknolojia iliyopitwa na wakati, tununue mitambo ya kisasa? Wenye hesabu waje na hesabu.

Bwawa la Tatu

Mkuu, tuanze na kilicho kikubwa zaidi: majitaka mengi ya Dar hayafiki bwawani kabisa. Mtandao wa mabomba unahudumia sehemu ndogo sana ya jiji. Katikati ya mji majitaka yanasukumwa baharini kwa bomba lililolazwa chini ya maji, wala hayapiti bwawa lolote. Yanayokwenda bwawani ni ya maeneo machache yaliyo jirani na mabwawa hayo. Wakazi wengine wote, nao ndio wengi mno, wana shimo la choo au tangi la septiki. Kwa hiyo ukiona bwawa, usidhani jiji zima linamiminika humo.

La pili ni yale yanayofika. Hapa ndipo hesabu inapoanza, na kipimo chenyewe ni BOD: kiasi cha oksijeni ambacho vijidudu wanahitaji ndani ya siku 5 ili kula uchafu uliomo kwenye maji. Majitaka mabichi ya mitaani yanakuwa na miligramu 200 hadi 400 kwa lita, na kwetu tunaotumia maji kidogo tunaelemea huko juu. Kiwango cha Tanzania cha maji yanayoruhusiwa kuingia mtoni, TZS 860, ni BOD 30, COD (oksijeni ya kuunguza uchafu wote kwa kemikali, hata ule vijidudu wasioweza kula) 60 na chembe zinazoelea 100, zote miligramu kwa lita.

Tuchukue mtaa wa watu 10,000, kila mtu lita 100 kwa siku. Hizo ni mita za ujazo 1,000. Kwa gramu 40 za BOD kwa kila kichwa, mzigo ni kilo 400 kwa siku.

Bwawa la kwanza halina hewa. Linachimbwa mita 3 hadi 5 kwenda chini. Kwa joto letu la nyuzi 25 na kuendelea unalipakia gramu 350 za BOD kwa kila mita ya ujazo kwa siku. Gawanya 400,000 kwa 350 unapata mita za ujazo 1,143. Maji yanakaa humo siku moja na kidogo tu, na asilimia 70 hivi ya BOD inaishia hapo. Watu hawaamini kwamba bwawa dogo kuliko yote ndilo linalofanya kazi kubwa kuliko yote.

Zinabaki kilo 120. Bwawa la pili lina kina cha mita 1.5. Juu kuna mwani unaotengeneza oksijeni mchana, chini hakuna hewa. Hili linapimwa kwa eneo: kwa joto la Dar ni kilo 380 hivi kwa hekta kwa siku. Unahitaji hekta 0.32, maji yanakaa siku 5.

Kisha mabwawa mawili ya kukomazia, kina mita 1, siku 4 kila moja, eneo mita za mraba 4,000 kila moja. Haya kazi yake ni kuua vimelea kwa jua na kwa pH (kipimo cha asidi na alikali) inayopanda mchana mwani ukifanya kazi. Jumla ya eneo la maji ni hekta 1.2 hivi, ukiweka kingo, barabara ya gari na uzio, tenga hekta 2. Jumla ya siku ni 14.

Kwa hiyo teknolojia haina ubaya. Inafanya kazi bila umeme, bila vipuri vya kuagiza nje. Inachodai ni vitu viwili: eneo na kutolewa tope.

Mdau wa Kigogo

Hapo kwenye tope ndipo nataka ufafanue. Linajaa kwa muda gani?

Bwawa la Tatu

Kipimo kinachotumika ni mita ya ujazo 0.04 kwa mtu kwa mwaka. Watu 10,000 wanakupa mita za ujazo 400 kila mwaka. Sheria ya kazi ni kwamba tope likifika theluthi moja ya bwawa la kwanza, litolewe. Theluthi ya 1,143 ni 381. Maana yake hata mwaka haujaisha unatakiwa uwe umeleta pampu.

Sasa jiulize bwawa ambalo limekaa miaka bila kuguswa. Kwa hesabu hiyohiyo, kabla mwaka wa tatu haujaisha limejaa tope tupu. Maji yanapita juu juu kama kwenye mfereji, siku moja ya kukaa inakuwa saa mbili, na ule mzigo wa kilo 400 unaingia mzima kwenye bwawa la pili lililotengenezewa kilo 120. Mwani unakufa, bwawa la pili nalo linageuka kuwa la kwanza, na tope linaanza kuhamia huko. Ukikuta bwawa la pili lina rangi ya kijani kibichi, liko salama. Likiwa la kijivu au la maziwamaziwa, limezidiwa. Likiwa la waridi au zambarau, kuna bakteria wa salfa wametawala, na harufu ya mayai viza utaisikia hata kabla hujafika getini.

Kinachokera ni kwamba kutoa tope huwa hakuna fungu lake. Kujenga kuna uzinduzi na utepe. Kutoa tope hakuna anayekuja kupiga picha.

Fundi Chemba

Nakuunga mkono, ila hujagusa magari. Vingunguti inapokea magari ya kunyonya vyoo pia, na hapo hesabu yako yote inavurugika.

Majitaka yanayofika kwa bomba yana BOD 400. Kinachotoka kwenye tangi la septiki kinaanzia elfu kadhaa, na cha shimo la choo la umma kinapanda zaidi ya hapo. Tuseme 5,000, kwa huruma. Gari moja la mita za ujazo 10 linamwaga kilo 50 za BOD. Hao ni watu 1,250 kwa mpigo mmoja. Magari 8 kwa siku ni kilo 400: umelizidishia bwawa mzigo maradufu, lakini ukisoma mita ya maji utaona ongezeko la asilimia 8 tu. Ndiyo maana taarifa zinaandikwa kwamba bwawa linapokea maji chini ya uwezo wake wakati limeshazidiwa vibaya.

Halafu tope la choo lina amonia nyingi, na amonia ikizidi mwani hauwezi kuishi. Na lina taka: pedi, nepi, chupa, vitambaa, hata viatu. Hivyo vinakwenda kuziba mdomo wa kuingilia.

Magari yanatakiwa yamwage sehemu yake, nayo iwe na hivi: chekeche la kusafishwa kwa reki kila baada ya gari, matangi mawili ya kutulizia (moja linapokea, jingine linakaushwa), kisha vitanda vya kukaushia tope. Kitanda ni kokoto chini, kokoto ndogo katikati, mchanga uliooshwa juu sm 20 hadi 30, na bomba la matundu la kukusanya maji. Unamwaga tope sm 20 hadi 30, siyo zaidi. Kwa jua la Dar wiki mbili mpaka tatu linapasuka na kubebeka kwa koleo. Ukimwaga sm 50 ili kuwahi foleni ya magari, juu linafanya gamba na chini linabaki uji mwezi mzima. Maji yaliyochujika ndiyo yanayoingia bwawani. Tope lililokauka lisipelekwe shambani moja kwa moja. Mayai ya minyoo yanavumilia ukavu, likae lundoni mwaka mmoja na zaidi.

Kosa jingine la kawaida: mchanga usiooshwa. Vumbi lake linaziba kitanda ndani ya mizunguko michache na watu wanasema teknolojia imeshindwa.

Pangu Pakavu

Aisee. Lakini magari yenyewe hayafiki uswahilini. Vichochoro vya Manzese na Tandale gari la lita elfu 10 litapita wapi?

Fundi Chemba

Halipiti. Ndipo kunapozaliwa kutapisha. Wasiojua: mvua kubwa ikianza, shimo linatobolewa ubavuni au bomba linafunguliwa, choo kinatapika kwenye maji ya mvua na kila kitu kinashuka mtoni. Kisheria ni kosa, kiafya ni balaa. Kipindupindu kinapenda hapo. Lakini tusijidanganye, watu wanapiga hesabu ya mfuko. Gari linatoza kwa safari nzima, iwe umejaza au hujajaza, na mwenye nyumba ya vyumba sita vya kupangisha anaona mvua ni ya bure.

Kinachofanya kazi vichochoroni ni pampu ya mkono iitwayo Gulper, pamoja na mapipa ya lita 50 hadi 60 na guta au bajaji ya mizigo. Hatua zake: kwanza ndoano ndefu kutoa vitambaa na chupa. Usipofanya hivi, kitambaa kimoja kinaingia kwenye valvu ya chini na unashinda umeifungua. Pili, mimina maji kidogo na ukoroge, maana tope la chini la shimo la zamani ni zito na halipandi. Tatu, vuta kwa mwendo mrefu usiokatika. Gulper ya kawaida haifiki chini sana, inachukua mita moja na kidogo ya juu. Kina zaidi ya hapo ongeza bomba, na nguvu ya kuvuta inaongezeka pia. Nne, chokaa kwenye sakafu pote palipodondokewa. Vifaa vya mwili: glovu ndefu, buti, barakoa, miwani. Na asiingie mtu shimoni, hata likiwa limebaki robo. Ile gesi ya mayai viza ikiwa nyingi pua inaacha kuisikia, ndiyo inayowaua watu wawili watatu mfululizo, wa pili akiingia kumwokoa wa kwanza.

Malipo yakiwa kwa pipa, mpangaji anaweza kulipia mapipa matano mwezi huu na matano mwezi ujao. Hilo linapunguza kutapisha kuliko faini.

Mama Ujenzi

Kwa wenye nafasi ya kujenga septiki, naomba vipimo vya kueleweka. Mafundi wetu mtaani wanachimba shimo moja, wanazungusha tofali, wanaita septiki.

Fundi Chemba

Kweli, hilo ni shimo tu, na maji ya chini ya ardhi yakiwa juu kama Jangwani au Msasani, linajaa kutoka chini.

Watu 8, lita 80 kila mmoja: lita 640 kwa siku, na yanatakiwa yatulie saa 24. Ongeza nafasi ya tope: lita 40 kwa mtu kwa mwaka, mara watu 8, mara miaka 3, ni lita 960. Ongeza nafasi ya ukoko (mafuta na uchafu unaoelea) juu. Unafika lita 2,000 za maji. Chumba cha kwanza kichukue theluthi mbili, cha pili theluthi moja. Kina cha maji kisipungue mita 1.2.

Mahali pa kukosea ni bomba la T. La kuingilia lishuke chini ya maji ili majitaka yasikoroge ukoko. La kutokea lishuke zaidi, karibu asilimia 40 ya kina, ili lisichote ukoko wala tope. Fundi akiweka bomba lililonyooka bila T, mafuta na kinyesi vinakwenda moja kwa moja kwenye shimo la kufyonza, na likishaziba halifunguki tena, utachimba jingine. Weka mfuniko juu ya kila T, siyo katikati tu. Weka bomba la hewa. Ndani piga plasta yenye saruji ya kutosha na ujaze maji usiku kucha, yakishuka, linavuja. Kisima kiwe mbali, mita 30 ukiweza.

Na mvua ya bati isiingie humo. Wala kwenye chemba ya bomba la mtaa. Wanaounganisha mifereji ya paa kwenye bomba la majitaka ndio wanaofanya chemba zifumuke kila masika.

Mtu wa Ruai

Wadau, niongezee ya Nairobi, kwa sababu kwetu mtandao ni mpana kuliko wa Dar lakini mto bado una hali hiyohiyo. Kwa hiyo kufikisha mabomba pekee hakutoshi.

Tuna Kariobangi, kiwanda cha miaka ya 1960 cha vichujio vya mawe, na mabwawa ya Dandora yaliyo huku Ruai ambayo ndiyo makubwa. Mabwawa yalisanifiwa kupokea mita za ujazo 160,000 kwa siku. Tatizo ni safari ya kufika. Maji taka yanafuata mteremko, kwa hiyo bomba kuu limelazwa kando ya mto karibu safari nzima. Bomba likipasuka, au shimo la ukaguzi likiziba, hakuna pengine pa kwenda: ni mtoni.

Na yanaziba kwa sababu za kila siku. Mifuniko ya chuma inaibwa kuuzwa kama chuma chakavu, halafu takataka na mawe vinaanguka ndani. Dawa yake ni mifuniko ya zege yenye nyuzi, isiyo na thamani kwa muuza vyuma. Pengine, kama kule Maili Saba, bomba linazibwa kwa makusudi ili maji yafurike na kumwagilia mboga. Mkulima anajua kilichomo: ni maji na mbolea ya bure mwaka mzima. Ukimfukuza bila kumpa maji mengine, atarudi usiku.

Halafu kuna majengo ya ghorofa yanayopanda mahali palipokuwa na nyumba moja. Bomba la inchi 6 lililopangiwa familia 20 linapewa familia 400.

Kuhusu Kariobangi: kichujio cha mawe ni rundo la mawe ya sm 5 hadi 10, kina karibu mita 2, mikono inazunguka juu ikinyunyiza. Vijidudu wanaishi kama utelezi juu ya mawe. Mikono ikikwama upande mmoja, nusu ya mawe inakauka na utelezi unakufa. Nusu nyingine inazidiwa na madimbwi yanatokea juu. Matundu ya mikono yasafishwe kila siku. Ni kazi ya mtu mwenye waya na ndoo, lakini ikikosekana kiwanda kizima kinasimama.

Jambo moja la viwango: Kenya tunaruhusu BOD 30 kama ninyi, ila chembe zinazoelea ni 30, siyo 100. Bwawa lenye mwani mzuri wa kijani linaweza kufeli kipimo chetu kwa sababu ya mwani wenyewe, ambao kwa sehemu kubwa ndio BOD iliyobaki. Kwa hiyo taarifa ya maabara isome kama kipimo kimechujwa au hakijachujwa kabla ya kulaumu bwawa.

Pangu Pakavu

Ndiyo maana nasema tununue mitambo ya kupuliza hewa tumalize. Eneo dogo, maji safi, hakuna harufu.

Bwawa la Tatu

Eneo dogo ni kweli, na pale ambapo ardhi imeisha hakuna ujanja, itabidi. Lakini soma bili. Mtambo wa kupuliza hewa unakula kati ya uniti 0.3 na 0.6 za umeme kwa kila mita ya ujazo. Mtaa wetu wa watu 10,000 ni uniti 300 hadi 600 kila siku ya Mungu. Oksijeni kwenye tangi inatakiwa ibaki karibu miligramu 2 kwa lita. Umeme ukikatika saa kadhaa, tope linaanza kuoza, linaelea, na linatoka na maji. Unarudi nyuma siku nyingi kabla halijatulia.

Na maji yake, hata yakiwa meupe, yana vimelea. Mtambo unaondoa asilimia 90 hadi 99 ya E. koli (bakteria wa kinyesi). Inaonekana nyingi, lakini majitaka mabichi yana milioni kumi kwenye ml 100. Ukiondoa asilimia 99 zinabaki laki moja. Bila klorini au mwanga wa kuua vijidudu hujamsaidia anayemwagilia mchicha huko chini. Mabwawa ya kukomazia yanashusha zaidi ya hapo bila dawa.

Mkemia wa Zamu

Nyote mnazungumzia kinyesi. Weusi wa Msimbazi una wazazi wengine, na kuna namna rahisi ya kuwatambua.

Damu ya machinjio. BOD ya damu ni miligramu 150,000 na zaidi kwa lita. Ng'ombe mmoja akitoa lita 10, ni kilo 1.5, sawa na watu karibu 40. Ng'ombe 100 ni zaidi ya theluthi ya ule mtaa wa watu 10,000. Damu isiingie kwenye mfereji hata kidogo: birika lake chini ya mahali pa kuchinjia, ikaushwe iwe chakula cha mifugo. Uchafu wa matumbo ukusanywe mkavu kwa koleo kabla ya kupiga maji. Ukishaukoroga na maji umeongeza gharama ya kuutenganisha mara nyingi. Mtego wa mafuta uwe na ujazo wa nusu saa ya mtiririko, usafishwe mafuta yakifika robo ya kina. Hilo ni kwa migahawa na vibanda vikubwa vya chipsi pia.

Viwanda vya kutia rangi nguo. Rangi inaonekana, lakini kinachowafichua ni chumvi, kwa sababu rangi za pamba zinashikishwa kwa chumvi nyingi. Kipima umeme wa maji cha mkononi (maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi) hakina bei kubwa. Tembea na mto kiangazi, kutoka juu kwenda chini, mbali na maeneo ambako maji ya bahari yanapanda. Kila mita 200 chovya. Namba ikiruka ghafla, tazama mfereji ulio jirani. Rudia usiku na alfajiri, maana vali nyingi zinafunguliwa watu wakilala.

Uwiano wa COD kwa BOD. Majitaka ya nyumbani ni kama 2. Ukikuta 4 au 5, kuna kitu ambacho vijidudu hawawezi kula, kwa kawaida cha kiwandani. Hicho bwawani hakiliwi, kinapita tu.

Sampuli: pointi tatu, juu ya mfereji unaoshukiwa, kwenye mfereji wenyewe, na chini baada ya maji kuchanganyika. Suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale (ya vimelea usisuuze, inakuja imetakaswa). Simama ukitazama maji yanakotoka, chupa iwe mbele yako, sm 20 chini ya uso, usitifue tope. Oksijeni ipimwe hapohapo. Kwa nyuzi 28 maji safi yanashika 7.8 hivi, samaki wengi wanataka 4 na zaidi. Zilizobaki weka kwenye barafu. Za vimelea zifike maabara ndani ya saa 6, za BOD ndani ya saa 24. Chupa iliyokaa kwenye buti ya gari mchana kutwa ni ya kumwaga.

Mwisho, mto wenyewe. Mto wa mita za ujazo 0.5 kwa sekunde ni 43,200 kwa siku. Ukiuingizia 2,000 yenye BOD 30, unaongeza miligramu 1.3 kwa lita, inavumilika. Yakiwa na 200, unaongeza karibu 9, ambayo ni zaidi ya oksijeni yote ya 7.8 inayoshikwa na maji safi. Oksijeni ikiisha, salfa inakutana na chuma kilichomo kwenye tope na kutengeneza ule weusi. Kwa hiyo mleta uzi, weusi unaouona ni chuma na salfa, na ndiyo dalili kwamba mto umekosa hewa.

Mama Ujenzi

Na mchicha wa bondeni? Tuache kula?

Mkemia wa Zamu

Vimelea vinapunguzwa: mwagilia kwenye shina badala ya kurusha juu ya majani, acha kumwagilia siku kadhaa kabla ya kuvuna, osha kwa maji safi yanayotiririka, pika. Metali nzito kutoka viwandani haziondoki kwa kuosha wala kupika. Zinapanda kwenye jani. Bonde lililo chini ya mfereji wa kiwanda lilimwe maua. Matembele na mchicha hapana.

Mdau wa Kigogo

Nimewaelewa. Je, Mradi wa Bonde la Msimbazi hautamaliza haya?

Bwawa la Tatu

Lengo lake kuu ni mafuriko: bonde la chini, daraja la Jangwani, watu wahamishwe kwenye hatari. Ni jambo jema, lakini kuchimba tope la mto hakupunguzi kilo moja ya BOD inayoingia juu yake kesho. Nairobi walisafisha kingo enzi za waziri John Michuki, baada ya 2008, ikapendeza. Bomba likaendelea kumwaga, mto ukarudi ulikokuwa.

Kwa maeneo yaliyobanana, kitu cha kusukuma ni mabomba madogo ya majitaka, aina iliyoanzia Natal, Brazil, miaka ya 1980. Bomba la inchi 4, mteremko wa mita 1 kwa kila mita 200, sm 40 tu chini ya ardhi mahali gari halipiti, linapita uani na vichochoroni. Chemba ndogo kila kona. Vingunguti kuna nyumba zilizounganishwa hivyo mpaka mabwawani. Kinachoua mabomba haya ni mchanga wa vyombo na maji machache, kwa hiyo kila nyumba iwe na kisanduku cha kunasa mchanga na mafuta kabla ya kuunganishwa, na choo kimwagiwe maji. Shimo la choo kavu usiliunganishe.

Fundi Chemba

Ila mabomba hayo mnayaongezea bwawa lililojaa tope. Kwanza lipimwe.

Mdau wa Kigogo

Linapimwaje? Mtaani tunaweza kudai tuone nini?

Fundi Chemba

Daini daftari la kina cha tope. Kupima hakuhitaji maabara: mti mrefu kuliko kina cha bwawa, uzungushie taulo jeupe theluthi ya chini, funga kwa kamba. Panda mtumbwi au boya, watu wawili, majaketi ya kuokolea ni lazima. Shusha mti wima polepole mpaka uguse sakafu, hesabu dakika moja, vuta polepole bila kuyumbisha. Chembe nyeusi zinanasa kwenye nyuzi za taulo na unaona mpaka kabisa: chini jeusi, juu jeupe lenye unyevu. Pima kwa futi kamba, andika. Rudia sehemu kumi na zaidi kwa mistari, hasa karibu na mdomo wa kuingilia ambako tope linalala kama kilima, kisha chukua wastani. Usipime katikati tu, utapata namba ya kufurahisha.

Bwawa la Tatu

Na ukiwa hapohapo tazama midomo ya kutolea: sm 30 chini ya uso kwa bwawa la kwanza, sm 60 kwa la pili ili usichote mwani, sm 5 kwa ya kukomazia. Mdomo wa kuingilia na wa kutokea visitazamane upande mmoja. Viwe pembe kwa pembe. Mara nyingi kiwiko cha plastiki kilivunjika zamani na maji yanatoka juu pamoja na ukoko. Hicho kinabadilishwa asubuhi moja.